Hodi ya Martel katika Shimo la Gaping Gill, 1895

Siku ya Alhamisi, tarehe 1 Agosti 1895, mwanasheria mmoja wa Paris alikuwa akishuka ngazi ya kamba ndani ya shimo la mlima katika Uingereza ya kaskazini. Maji ya baridi yalimpiga kichwani na mabegani, na waya wa simu ulimfuata kutoka juu. Jina lake lilikuwa Édouard-Alfred Martel, na umri wake ulikuwa miaka 36 na mwezi mmoja. Hakutumwa kuchimba madini, hakuwa akikimbia adui, wala hakuambiwa kwamba kuna hazina iliyozikwa. Alikuwa mgeni katika nchi ya watu, na alishuka kwa sababu alipenda kushuka mashimoni. Kabla ya siku hiyo kwisha alikuwa mtu wa kwanza ajulikanaye kufika sakafuni mwa Gaping Gill na kurudi juu akiwa hai.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kisa cha ushujaa wa mtu mmoja. Masimulizi ya namna hiyo si ya uongo, maana bila moyo wa kishujaa hakuna mtu ashukaye mahali kama pale. Lakini yana upungufu mkubwa. Wenyeji wa nchi ile nao walikuwa na moyo. Walikulia karibu na shimo, walijua mlima wao na mvua yake, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kujaribu. Swali lipasalo kuulizwa ni jingine: ilikuwaje mtu akaaye ng'ambo ya bahari, mwenye siku chache tu za matembezi, afike mahali ambapo majirani wa shimo hawajafika? Jibu lake halimo shimoni. Limo katika mambo yaliyotengenezwa kabla mguu wake haujagusa kipandio cha kwanza cha ngazi, na katika mambo hayo mna mikono ya watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Yafaa shimo lenyewe lijulikane kwanza. Gaping Gill liko upande wa kusini mashariki wa mlima Ingleborough, katika jimbo la Yorkshire. Mlima huo una urefu wa mita 723, na mabega yake ni ya mawe ya chokaa. Mvua inyeshapo hubeba hewa ya kaboni kutoka angani na udongoni, ikawa asidi dhaifu; asidi hiyo hula chokaa kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka, hata nyufa zikawa njia, na njia zikawa mapango. Kijito kiitwacho Fell Beck hutiririka juu ya nyika ya majani na kondoo, kisha ghafula hukosa ardhi ya kupitia na kuanguka moja kwa moja hadi chini, karibu mita 100. Mtu akitaka kuipata picha yake, na afikiri minazi mitano mirefu iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine. Chini yake mna ukumbi mmoja wenye urefu uzidio mita 120, ambao ndani yake kanisa kubwa lingeweza kusimama. Mwanga wa mchana hufika chini kwa udhaifu, ukipita katika ukungu wa maji yaangukayo.

Kiswahili hutofautisha shimo na pango, na tofauti hiyo ina faida hapa. Pango mtu huliingia kwa miguu, akiinama au asiinamie. Shimo humtaka kamba. Mji wa Shimoni, katika pwani ya kusini ya Kenya, umepata jina lake kwa mapango yaliyo pale, kwa hiyo watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa kwamba ardhi yaweza kuwa na tumbo. Lakini Gaping Gill si mahali pa kuingia kwa mwenge na viatu. Ni kisima kisicho na ngazi, nacho hunyweshwa mto.

Martel naye alikuwa mtu wa namna gani? Alizaliwa Pontoise tarehe 1 Julai 1859, katika jamaa ya wanasheria, naye akaifuata kazi hiyo. Mpaka mwaka 1899 alikuwa wakili katika mahakama ya biashara ya Paris. Mapango aliyapenda tangu utotoni, na mwaka 1879, alipokuwa akitembea katika nchi za Ulaya ya kati, aliliona pango kubwa la Adelsberg, ambalo leo liko Slovenia na huitwa Postojna. Kuanzia mwaka 1888 alianza kuyatafuta yeye mwenyewe. Mwezi Juni mwaka huo alipita chini ya ardhi kwa kuufuata mto wa Bramabiau, kusini mwa Ufaransa, na tarehe 9 Julai 1889 alishuka shimo la Padirac, akakuta chini yake mto ambao aliusafiri kwa mashua ya turubai ya kukunjwa. Mwaka 1894 alitoa kitabu kikubwa, Les Abîmes, na mwaka 1895 akaanzisha chama cha elimu ya mapango, yaani speleolojia.

Jambo moja katika maisha yake lina uzito kuliko lionekanavyo: alikuwa mtu wa kazi. Mahakama haikumngoja. Mapango yalipata siku zake za mapumziko tu, na mtu ambaye ana wiki chache katika mwaka hawezi kuzipoteza kwa kutafuta kamba katika mji asioujua au kwa kubishana na mwenye shamba mlangoni. Wengi hudhani kwamba mtu wa starehe ni mtu wa ovyo. Kwa Martel ilikuwa kinyume: kwa kuwa ilikuwa starehe, na kwa kuwa muda wake ulikuwa mfupi, aliipanga kama mtu apangavyo kesi ya mteja wake, kila hati mahali pake.

Safari ya mwaka 1895 ilikuwa na sababu ya heshima. Mkutano wa Sita wa Kimataifa wa Jiografia ulikutana London tangu mwisho wa Julai hadi mwanzo wa Agosti, na Martel alikuwa na hotuba ya kutoa huko juu ya elimu yake mpya. Mwingine angeridhika na hotuba, karamu na picha ya ukumbusho. Yeye aliona kwamba nauli imekwisha kulipwa, bahari imekwisha kuvukwa, na nchi za Uingereza na Ireland zina mawe ya chokaa tele. Kwanza alikwenda Ireland. Huko, mwezi Julai, pamoja na Lyster Jameson, kijana wa Dublin aliyekuwa mwanafunzi wa elimu ya viumbe, aliingia katika mapango ya Marble Arch, jimbo la Fermanagh, kwa mashua ya turubai, mishumaa na miali ya magnesiamu. Kisha akavuka kuja Yorkshire, na mkutano wa London ulikuwa ungali ukiendelea alipoupa kisogo kwa siku ya shimo lake.

Matayarisho ya Gaping Gill yalikuwa na mambo kadhaa, na si yote yenye uzito sawa. La kuchagua mahali lilikuwa jepesi. Shimo lile lilikuwa na sifa. Kila msafiri aliyepanda Ingleborough alikwenda kulichungulia kwa tumbo, akarudi nyuma. La vyombo nalo Martel alilijua kuliko mtu ye yote aliyekuwa hai. Alikuwa na ngazi za kamba zenye vipandio vya miti, ambazo huunganishwa kipande kwa kipande kadiri ya kina. Alikuwa na kamba ya usalama ya kufungwa kifuani, ishikwe na watu wa juu. Alikuwa na kofia ngumu, mishumaa, na filimbi. Vyombo hivyo vilikuwa vizito, na katani ikilowa maji huzidi uzito, lakini vilikuwa vimekwisha kujaribiwa katika mashimo mengi ya Ufaransa.

Yaliyokuwa magumu ni yale ambayo msafiri hawezi kuyatia sandukuni: ruhusa, maji, na watu.

Ruhusa ilikuwa mikononi mwa jamaa ya Farrer, wenye ardhi ya Ingleborough, waliokaa katika kijiji cha Clapham chini ya mlima. Jamaa hii haikuwa geni kwa mambo ya mapango. Mwaka 1837, katika bonde lililo juu ya kijiji, kizuizi cha mawe kilivunjwa katika pango lao, maji yaliyotuama yakatoka, na pango la Ingleborough likafunguliwa kwa watazamaji. Bwana Farrer wa mwaka 1895 alimpokea Mfaransa kwa ukarimu. Wako wasafiri ambao huona ruhusa kuwa jambo la karatasi, kama kwamba mlima ni wa Mungu na kila mtu ana haki ya kuupasua. Martel alikuwa mwanasheria. Alijua kwamba ardhi ina mwenyewe, na kwamba hodi isiyoitikiwa si ruhusa. Na faida aliyoipata kwa hodi hiyo ilikuwa kubwa kuliko idhini, kwa sababu mwenye ardhi ndiye aliyekuwa na uwezo juu ya jambo la pili, nalo ndilo lililokuwa adui halisi: maji.

Hapa lazima historia irudi nyuma nusu karne. Katika miaka ya 1840 mwenyeji mmoja wa Settle, John Birkbeck, mtu wa benki na mpenzi wa milima, aliazimia kushuka Gaping Gill. Aliona kwamba mto ukiachwa uanguke shimoni hakuna mtu awezaye kupita, basi akachimbisha mfereji wa kuyageuza maji yaende kuzama mahali pengine. Kisha akateremshwa kwa kamba. Alifika kwenye ukingo wa mwamba, zaidi ya nusu ya njia, akaishia hapo. Ukingo ule unaitwa kwa jina lake hata leo. Birkbeck hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka 1847 yeye na wenzake walikuwa watu wa kwanza kushuka shimo jingine kubwa la nchi ile, liitwalo Alum Pot. Gaping Gill tu ndilo lililomshinda. Lakini alishindwa kwa namna ya wale wanaowaachia wengine njia. Alijua la kufanya juu ya maji, naye aliliandika wazo lake katika ardhi yenyewe, kwa sepeto.

Mwaka 1895 kazi ya mfereji ilifanywa tena, kwa msaada wa Bwana Farrer na vibarua wake, ili mgeni apate njia. Basi hapo ndipo jina la Birkbeck lastahili kuingia katika habari ya tarehe 1 Agosti, na si kama mtu aliyeshindwa tu. Mgeni alikuja na ngazi zake kutoka Paris, lakini mto uligeuzwa kwa akili ya mwenyeji aliyetangulia na kwa jasho la vibarua wa Clapham. Hata hivyo maji hayakukoma yote. Mfereji hupunguza kijito. Hauwezi kuikausha nyika nzima yenye kunyonya mvua kama sifongo. Maji yaliyobaki yalimwangukia Martel njia nzima, na mtu aliyelowa katika maji ya baridi mita 60 chini ya ardhi, mikono ikifa ganzi, anajua vema tofauti ya kijito kilichogeuzwa na kijito kilichokauka.

Jambo la watu lilikuwa gumu zaidi, nalo husahauliwa na wasimulizi wengi. Katika Ufaransa Martel alishuka akiwa na wenzake waliozoeana naye. Mashuhuri kati yao ni Louis Armand, fundi chuma wa Le Rozier, ambaye jina lake baadaye lilipewa shimo la Aven Armand, lililogunduliwa mwaka 1897. Watu kama hao hawahitaji maneno mengi. Kamba ikitikisika mara moja, wanajua, ikilegea, wanajua, kimya kikizidi, wanajua pia. Katika Yorkshire hawakuwapo. Kamba iliyoshika uhai wake ilikuwa mikononi mwa watu aliokutana nao siku hizo, ambao hawakupata kumshusha mtu shimoni kwa njia yake, na ambao lugha yao haikuwa yake. Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku huyu alikuwa nayo kifuani, na aliyeishika alikuwa hamjui.

Dawa ya shida hiyo ilikuwa simu. Martel alikuwa amekwisha kuizoea katika mashimo ya Ufaransa, kwa sababu sauti ya mtu haifiki juu katika shimo refu. Mwangwi huivuruga, na maporomoko ya maji huimeza. Filimbi husaidia kidogo, lakini filimbi haiwezi kusema “ngojeni” na “vuteni polepole” na “kamba imenaswa.” Simu ya Gaping Gill ilikuwa na faida nyingine. Aliyekaa juu kwenye mdomo wa shimo, chombo sikioni, alikuwa mkewe, Bibi Aline Martel. Mtu aliyekuwa chini aliweza kusema kwa lugha yake, kwa mtu aliyeijua sauti yake katika furaha na katika hofu, naye aliyekuwa juu aliweza kuwageukia washika kamba na kuwaambia la kufanya. Historia za mapango humtaja bibi huyu kwa mstari mmoja, kama pambo la kupendeza. Kwa hakika alikuwa kiungo kilichokosekana. Bila yeye washika kamba wangekuwa wamemshika mtu wasiyemsikia, na simu ingekuwa waya tu.

Kuhusu kushuka kwenyewe hapana haja ya maneno mengi. Ngazi iliteremshwa, naye akashuka hadi ukingo wa Birkbeck, akaupita, akaingia katika sehemu ambayo kuta za shimo hukimbilia mbali na mtu hubaki akining'inia katikati ya hewa na maji. Chini alikuta sakafu ya mawe na changarawe, na juu yake paa ambalo nuru ya mishumaa haikuweza kulifikia. Aliupima ukumbi, akachora ramani yake, akapanda. Kupanda ngazi ya kamba ya karibu mita 100, nguo zikiwa zimejaa maji, ni kazi iwezayo kumvunja mtu mwenye nguvu; lakini alipanda.

Aliyepata habari hiyo kwa moyo mzito alikuwa Edward Calvert. Bwana huyu alikuwa mmoja wa wanachama wa klabu ya watembezi wa Yorkshire, iliyoanzishwa Leeds mwaka 1892, naye alikuwa katika maandalizi yake ya kulishuka shimo lile lile. Shimo lilikuwa nyumbani kwake, mpango ulikuwa mkononi mwake, kisha akaja mgeni wa mkutano wa London akalimaliza kwa siku moja. Ni rahisi kuwaza jinsi mtu anavyojisikia. Yafaa kusema kwa haki kwamba Martel hakumwibia mtu kitu. Hapana sheria iwekayo shimo akiba kwa ajili ya mtu ajiandaaye. Lakini pia si haki kuwaona wenyeji kuwa walilala. Calvert alihitaji kuwakusanya wenzake, kutengeneza vyombo ambavyo havikuuzwa dukani, na kujifunza kazi ambayo katika Uingereza hakukuwa na mwalimu wake. Martel alikuwa na miaka saba ya mazoezi na masanduku yaliyokwisha kujaa. Wa kwanza alikuwa akijenga jahazi. Wa pili alifika na jahazi tayari.

Jibu la Calvert na wenzake ndilo lipendezalo. Mwaka 1896 walirudi kwenye shimo, wala hawakumwiga Mfaransa. Waliweka mtambo wa winchi juu ya mdomo, wakamteremsha mtu katika kiti kama kile cha mabaharia wapandishwao mlingotini. Njia hiyo ilihitaji vyombo vizito zaidi na watu wengi zaidi. Mgeni hangeweza kuisafirisha kutoka Paris. Ilikuwa njia ya wenye nyumba. Na kwa kuwa kiti hakimchoshi ashukaye, waliweza kufika chini wengi, wakiwa na nguvu zao, wakakaa na kutafuta. Hao ndio waliozipata njia zitokazo katika ukumbi ule. Martel alifika wa kwanza, akaona chumba kimoja. Wao walifika wa pili, wakaona kwamba chumba kile ni sebule ya nyumba kubwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji huyu alipona kwa dawa aliyoipika mwenyewe.

Kuna wanaosema, kwa kuutazama mwaka 1896, kwamba safari ya Martel ilikuwa haraka ya mtalii, na kwamba uchunguzi wa kweli ni wa wenyeji. Hukumu hiyo ni kali mno. Kabla ya Martel hapakuwa na mtu aliyejua kama shimo lile lina mwisho ambao mwanadamu aweza kuusimamia. Baada yake palikuwa na kipimo na ramani. Calvert alipokuwa akipanga winchi yake alijua urefu wa kamba aliouhitaji. Lakini walio upande wa pili, wanaomsifu Martel peke yake, wamekosea zaidi, kwa sababu wanamwondolea sifa yake iliyo kubwa. Ujasiri wengi wanao. Kufika katika nchi ya watu, kubisha hodi panapostahili, kuuliza nani alijaribu na kwa nini alikwama, kisha kuliunganisha jibu hilo na ujuzi uliotoka nyumbani, hilo ni adimu.

Ushahidi wa jambo hilo umo katika safari zake nyingine. Mwaka 1896 alikwenda kisiwa cha Mallorca kwa mwaliko wa Ludwig Salvator, mwana wa ukoo wa kifalme wa Austria aliyekaa huko, na katika mapango ya Drach akagundua ziwa la chini ya ardhi ambalo sasa lina jina lake. Mwaka 1912 alizuru Mammoth Cave katika Marekani. Hakuwa mtu wa kuingia kwa dirishani. Na katika nchi yake mwenyewe alipata somo jingine ambalo liliwafaa watu wasiojali mapango hata kidogo: mwaka 1891 aliugua baada ya kunywa maji ya chemchemi, na chanzo chake kikaonekana kuwa mzoga wa ndama uliotupwa katika shimo la juu. Alipigania jambo hilo hata sheria ya afya ya Ufaransa ya tarehe 15 Februari 1902 ikakataza kutupa mizoga mashimoni. Shimo moja na chemchemi nyingine, alifundisha, ni mdomo mmoja wenye pande mbili. Ingleborough nako ni vivyo hivyo: maji yaangukayo Gaping Gill hutokea tena bondeni, karibu na lile pango lililofunguliwa mwaka 1837, ingawa mwanadamu hakuipata njia kati ya mapango hayo mawili mpaka mwaka 1983, tena kwa kazi ya wapiga mbizi.

Yafaa ikumbukwe pia kile ambacho Martel hakuwa nacho, kwa kuwa msafiri wa leo huenda asikione. Kama ngazi ingekatika, hapakuwa na watu wa kuitwa. Chama cha uokoaji wa mapangoni kilianzishwa katika nchi ile mwaka 1935, na makao yake yako Clapham, kijiji kile kile cha Bwana Farrer. Wala kuwapo kwake hakuondoi nguvu ya maji. Tarehe 24 Juni 1967, katika mapango ya Mossdale, jimbo lile lile la Yorkshire, vijana sita walikufa maji mvua ilipofurisha njia waliyokuwamo. Hawakuwa wageni, na hawakuwa wajinga wa mapango. Mtu akisoma habari hiyo ataelewa kwa nini mfereji wa Birkbeck una maana kubwa kuliko ngazi zote za Martel, na kwa nini anayepanga safari ya namna hii ugenini humuuliza mwenyeji kwanza juu ya mawingu, halafu juu ya kamba.

Gaping Gill lenyewe halikufungwa kwa waliochelewa. Kila mwaka, mwishoni mwa Mei na tena katika Agosti, vyama viwili vya wapenda mapango, kimoja cha Bradford na kingine cha Craven, huweka winchi juu ya mdomo wa shimo, hugeuza maji ya Fell Beck kama alivyofanya Birkbeck, na humteremsha mtu ye yote alipaye, awe mwenyeji au mgeni, mzee au mtoto, akiwa amevaa kofia ngumu na koti la mvua. Hutembea kwanza kutoka Clapham, zaidi ya saa moja kupanda, huandikisha jina lake, hungoja zamu yake juu ya nyika, na mvua ikiwa kubwa hungoja zaidi. Kisha hukalishwa katika kiti, kizuizi hufungwa mbele yake, na ardhi huondoka chini ya miguu. Wenye winchi wana utani wao wa siku nyingi, ambao humwambia mgeni akiwa amekwisha kuketi: kushuka ni bure, fedha zake ni za kupandishwa.